Bwawa la kihambani: usitoe majani yote kwa siku moja

Masika yakiisha, mabwawa mengi ya vihambani, yaani kwenye mashamba yetu ya nyumbani yenye migomba na kahawa, huku Moshi, Kibosho hata Marangu, huwa yamefunikwa na majani. Mwenye bwawa huita vijana wawili na reki, na jioni maji ni meupe. Kesho yake, kwenye rundo lililotupwa pembeni, viluwiluwi wa chura wamekauka.

Wengine hudhani hao ni mbu. Wa mbu ni wembamba, hujinyonganyonga na kupanda juu kupumua. Wa chura wana kichwa cha duara na mkia. Chura hutaga mvua zinapoanza, na ute ule wenye vidoa vyeusi mara nyingi hunasa kwenye hayo majani tunayoyaita uchafu. Humo ndimo watoto wake hujificha wasiliwe na kambare na bata, wiki kadhaa, hadi waote miguu.

Kwa hiyo subiri kiangazi, Julai hadi Septemba, kabla ya vuli. Toa theluthi moja, kaa wiki mbili tatu, ndipo urudi, na kwenye kina kifupi bakiza ukanda wa majani. Unayoyatoa yalaze ukingoni siku moja, viumbe warudi majini wenyewe, kisha yabebe ukatandaze kwenye migomba. Yakiozea pale pale, mbolea yake inarudi bwawani.

Gugumaji, lenye maua ya zambarau, halina msamaha: ling'oe lote mapema, ukikung'utia viumbe majini, na usilitupe mferejini. Chipukizi moja likifika kwa jirani wa chini, umemwachia kazi ya miaka.

Wenye kahawa najua mrututu, ile dawa ya shaba ya ukungu, upo stoo. Uacheni huko huko. Unaua viluwiluwi na samaki pia. Dawa za magugu nazo zina hatari hiyo, tena majani yakifa kwa pamoja huoza na kumaliza hewa ya majini. Alfajiri utakuta perege wanatweta juu ya maji.

Chanzo cha majani kujaa mara nyingi ni zizi lililo juu ya bwawa. Chimba mtaro mdogo, mkojo na samadi viende migombani. Na wewe unayerutubisha bwawa kwa samadi, zamisha mkono: kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kiwiko, acha kuongeza mpaka rangi ya kijani ipungue.