Jinsi ya kupima presha na kumhudumia mgonjwa wa presha ya kupanda, hatua kwa hatua

Hii ni kwa manesi wapya, na kwa yeyote anayemuuguza mzazi nyumbani na ile mashine ya kidijitali. Mimi ni nesi hapa Mwanza na kinachoniudhi kwenye hii kazi sio presha yenyewe, ni namba za uongo. Unafungua mafaili ya zamu iliyopita unakuta wodi nzima ni 120/80, wote, mpaka mzee aliyeletwa na kiharusi. Wakati dawa inaongezwa au kupunguzwa kwa namba uliyoandika wewe! Kwa hiyo nitakaa sana kwenye kupima.

Hatua ya 1: Mwache apumzike kwanza
Mtu ametoka Igoma amesimama kwenye daladala, akashuka akapandisha kilima kwa mguu jua la saa saba, umemkalisha tu ukamfunga mashine ikasoma 165, hiyo ni presha ya kilima jamani. Akae kimya dakika 5. Kama amekunywa kahawa au amevuta sigara ndani ya nusu saa, asubiri. Halafu muulize kama amebanwa na mkojo maana kibofu kikijaa namba inapanda, ila wengi wanaona aibu kusema, hasa mama mtu mzima mbele ya nesi kijana wa kiume, we muonyeshe tu choo kilipo.

Hatua ya 2: Mkao
Mgongo uegemee kiti, miguu yote chini, asikunje nne. Mkono uwe juu ya meza, usawa wa moyo, na uwe wazi, sio unafunga juu ya sweta. Kitambaa cha mashine nacho kina saizi, ule mpira wa ndani unatakiwa uzunguke kama asilimia 80 ya mkono. Kikiwa kidogo kwa mama mnene utampa presha asiyokuwa nayo, kikiwa kikubwa kwa bibi mwembamba utaificha aliyonayo. Na usimpigishe stori wakati mashine inapima, akiongea tu namba inapanda.

Hatua ya 3: Pima mara mbili
Ya kidijitali inajipima yenyewe. Ya kusikiliza, shika mapigo ya kwenye kifundo cha mkono, pampu mpaka yapotee, ongeza 30 hapo, weka stetoskopu kwenye mkunjo wa kiwiko kisha achia hewa taratibu, namba 2 au 3 kwa sekunde. Mlio wa kwanza ndio namba ya juu, milio ikipotea kabisa ndio ya chini. Milio hiyo aliielezea daktari Mrusi, Korotkoff, mwaka 1905 na mpaka leo ndiyo tunayoisikiliza. Ngoja dakika moja, rudia. Mgonjwa mpya mpime mikono yote miwili, kuanzia hapo utumie ule uliosoma juu zaidi. Na andika ulichokiona, kama ni 146 andika 146, usiniletee 140 au 150 kwa sababu ni rahisi kukumbuka.

Hatua ya 4: Namba inasemaje
140/90 au zaidi kwa siku mbili tofauti, hapo daktari anaweza kusema ana presha. Ikifika 180/120 pima tena, na papo hapo uliza na uangalie: kifua kinabana, anahema kwa shida, macho hayaoni vizuri, anachanganyikiwa, upande mmoja umelegea? Kimojawapo kikiwepo ni daktari sasa hivi. Kama hakuna hata kimoja bado daktari aambiwe siku hiyohiyo, ila usikimbilie kumwekea nifedipini chini ya ulimi kama walivyokuwa wanafanya zamani, presha ikiporomoka ghafla ubongo na moyo vinakosa damu.

Mjamzito ni habari nyingine kabisa. 140/90 tu inatosha kupima protini kwenye mkojo na kumuita daktari, 160/110 ni dharura, na akilalamika kichwa, macho au maumivu chini ya mbavu usimrudishe nyumbani, kifafa cha mimba hakina subira.

Hatua ya 5: Dawa
"Shikamoo mama, dawa unaendelea nazo?" "Marahaba mwanangu, niliacha, kichwa hakiumi tena." Utayasikia haya kila kliniki. Usimfokee. Mwambie presha mara nyingi haiumi, inaharibu figo na mishipa kimyakimya, na imeshuka kwa sababu ya hizo dawa. Kisha uliza kwa upole kama kuna kilichomkera: amlodipini inavimbisha miguu, enalaprili inaleta kikohozi kikavu, hidroklorothiazidi inakojosha ndio maana tunasema anywe asubuhi. Wanaficha wakidhani utawagombeza, wakati daktari anaweza kubadilisha. Uliza pia za dukani, diklofenaki ya mgongo inapandisha presha. Na kama ni mvuvi anayekaa kambini visiwani au mtu wa Ukerewe, hesabu vidonge mpaka safari yake ijayo ya kuja mjini.

Hatua ya 6: Ongea na anayepika
Baba hajui chumvi inaingia kiasi gani, muite mwenye jiko. Kwa siku nzima isizidi gramu 5, kama kijiko cha chai, na humo hesabu vidonge vya mchuzi na magadi ya kwenye maharage, magadi nayo yana sodiamu. Dagaa wa kukaushwa juani bila chumvi hana shida. Kayabo, yaani samaki wa kukaushwa kwa chumvi, ndio kesi, bora aache, akishindwa aroweke usiku kucha abadilishe maji.

Hatua ya 7: Msimamishe
Hii wengi wanairuka. Mzee anayetumia dawa akisema anasikia kizunguzungu, mpime amekaa, kisha asimame umshikilie, pima baada ya dakika 1 na tena ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi mwambie daktari kabla ya dozi inayofuata, na usiku asiende chooni peke yake.