Derivativu ya xˣ na nduguze: kutumia logi hatua kwa hatua

Kila nikiandika y = xˣ ubaoni na kuomba derivativu (kasi ya y kubadilika x inapobadilika), darasa la tuisheni hugawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza hushusha kipeo na kupata x·xˣ⁻¹, yaani xˣ ileile. Kambi ya pili hukumbuka kanuni ya aˣ na kuandika xˣ ln x. Wote wamekosa. Kanuni ya kwanza inataka kipeo kiwe namba isiyobadilika, na ya pili inataka kizio (namba ya chini inayobeba kipeo) ndicho kisibadilike. Hapa vyote viwili vinakwenda pamoja na x.

Dawa yake ni logi (logarithimu). Aliyewahi kubeba kijitabu cha majedwali shuleni anaijua kazi yake: inageuza kuzidisha kuwa kujumlisha, kugawanya kuwa kutoa, na kipeo kuwa kizidisho cha kawaida. John Napier wa Uskoti alichapisha majedwali yake mwaka 1614, miaka 70 kabla Leibniz, mmoja wa waasisi wa kalkulasi (hesabu ya derivativu), hajachapisha makala yake ya kwanza ya somo hilo. Alitaka tu kuwapunguzia watu adha ya kuzidisha namba ndefu. Sisi tunaazima ujanja uleule.

Tutatumia logi asilia, ln, yenye kizio e (takriban 2.718), kwa kuwa derivativu ya ln x ni 1/x na basi. Ukitumia logi ya kizio 10 utafika pia, ila utaburuta ln 10 njia nzima bure.

Hatua ya 1. Weka ln pande zote mbili. Tuchukue x kubwa kuliko 0.

ln y = ln(xˣ)

Hatua ya 2. Shusha kipeo.

ln y = x ln x

Hatua ya 3. Tafuta derivativu ya kila upande kwa kufuata x. Kulia kuna zao la vitu viwili, kwa hiyo: 1·ln x + x·(1/x) = ln x + 1.

Kushoto ndiko wengi wanakojikwaa. Derivativu ya ln y si 1/y. Hiyo y imebeba x ndani yake, kwa hiyo kanuni ya mnyororo inadai y′ (yaani derivativu ya y) itokee:

y′/y = ln x + 1

Ukiandika 1/y peke yake, umekitupa kile hasa ulichokuwa unakitafuta. Nimesahihisha madaftari mengi yaliyokwama hapo, mengine ya wanafunzi wazuri sana.

Hatua ya 4. Zidisha pande zote kwa y, kisha irudishe y katika sura yake ya mwanzo.

y′ = xˣ(ln x + 1)

Hatua ya 5. Hakiki kwa kikokotoo. Weka x = 2: 4 × (0.6931 + 1) = 6.7726. Sasa kokotoa 2.001 kwa kipeo cha 2.001; utapata takriban 4.00678. Toa 4, gawanya kwa 0.001, unapata kama 6.78. Inakubali.

Kabla hatujaondoka, zirudie zile kambi mbili. Pale x = 2, jibu la kambi ya kwanza ni 4 na la pili ni 2.7726. Jumlisha: 6.7726! Si bahati nasibu. Kambi ya kwanza ilihesabu badiliko linaloletwa na kizio, ya pili badiliko linaloletwa na kipeo, na badiliko kamili ni jumla ya yote mawili. Kila kambi ilikuwa na nusu ya jibu.

Logi inasaidia pia pale ambapo kanuni za kawaida zingefaa lakini zingekuchosha. Mfano:

y = (x² + 1)³ √(x + 3) / (2x − 1)⁴

Kwa kanuni ya mgawo utajaza ukurasa. Kwa logi, x ikiwa kubwa kuliko 1/2:

ln y = 3 ln(x² + 1) + ½ ln(x + 3) − 4 ln(2x − 1)

y′/y = 6x/(x² + 1) + 1/(2(x + 3)) − 8/(2x − 1)

Zidisha kwa y, umemaliza. Ukiulizwa y′ pale x = 1, usihangaike kupanua mabano. y ni 8 × 2 / 1 = 16, na upande wa kulia ni 3 + 0.125 − 8 = −4.875. Basi y′ = 16 × (−4.875) = −78.

Tahadhari mbili. Logi haivunji jumla: ln(a + b) si ln a + ln b. Ukipewa y = xˣ + 3ˣ, usikimbilie kuweka ln juu ya vyote. Tafuta derivativu ya kila kipande peke yake, kisha jumlisha: xˣ(ln x + 1) + 3ˣ ln 3. Pili, namba hasi hazina logi tunayoitumia hapa. Kwenye mfano wa mazao na migawo kama ule wa pili, y inapokuwa hasi tumia ln|y|, yaani logi ya y bila alama yake ya hasi. Derivativu yake bado ni y′/y. Pale y inapokuwa 0, njia hii haikufai, rudi kwenye kanuni za kawaida.

Jaribu mwenyewe: y = x kwa kipeo cha 1/x, x kubwa kuliko 0. Ukifuata hatua zote sawasawa, y′ itakuwa 0 pale x = e, na hapo y inafikia kilele chake, takriban 1.4447. Ukipata 0 mahali pengine, anza kwa kukagua hatua ya 3.