Jinsi ya Kulinda Ngozi, Mikono na Sura kwa Mfuga Punda wa Lamu

Mtu aliyefuga punda kwa miaka mingi katika kisiwa cha Lamu hutambulika kabla hajasema neno. Viganja vyake vimeota sugu, visigino vyake vina magaga, shingo yake imekuwa nyeusi kuliko kifua chake, na mara nyingi ana kovu refu la kamba kiganjani au alama za mikwaruzo kwenye kiwiko. Wengi huyachukulia hayo kuwa haki ya kazi, kama kwamba mwili lazima ulipe. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Sehemu kubwa ya alama hizo haisababishwi na punda mwenyewe, bali na namna tunavyomshika, tunavyompakia mzigo na tunavyojisafisha kazi inapokwisha, na kwa hiyo zinazuilika kabla hazijatokea. Ngozi ikishaharibika hakuna mafuta ya dukani yatakayoirudisha ilivyokuwa, na ndiyo maana mwongozo huu unazungumzia zaidi kinga kuliko tiba.

Mikono na kamba

Kanuni ya kwanza ni kutoizungusha kamba ya punda mkononi, hata kama punda ni mtulivu na njia ni fupi. Punda akishtuka, labda kwa honi ya bodaboda au kwa turubai lililopeperushwa na upepo wa kusi, kamba iliyozungushwa hukaza kwa nguvu ya mnyama mzima, na kidole kinaweza kuvunjika au kukatika. Ikunje kamba mikunjo mirefu inayolala juu ya kiganja, ili ukifungua vidole iteleze yote bila kukung'ang'ania. Kamba ya nailoni ni rahisi na haiozi kwa maji ya chumvi, lakini inapoteleza kwa kasi huchoma ngozi kama moto. Kamba nene ya pamba au ya katani hukwaruza bila kuchoma kiasi hicho, na kwa maoni yangu inastahili gharama yake.

Pete nayo iondolewe kabla ya kazi. Wanaume wengi wa hapa huvaa pete ya fedha, na pete ikinaswa na ndoano ya tandiko au fundo la kamba huweza kuivua ngozi ya kidole chote. Ifunge katika pindo la kikoi au iache nyumbani.

Kuhusu sugu, ni vyema kuelewa kwamba zenyewe ni kinga ambayo mwili umejijengea, na si jambo la busara kuzikata kwa wembe ili mkono uwe laini siku ya harusi. Sugu inayodhuru ni ile iliyonenepa hadi kingo zake zikawa ngumu, kwa kuwa kingo hizo hunasa, huchanika na kuacha kidonda chini yake. Loweka mikono katika maji ya uvuguvugu kwa muda wa dakika kumi hivi, sugua kingo polepole kwa jiwe la kusugulia miguu, kisha paka mafuta ya nazi au mafuta ya mgando wakati ngozi ingali na unyevu, kwa sababu mafuta hayaongezi maji katika ngozi bali huyazuia yaliyomo yasitoke. Ukifanya hivyo kila baada ya siku chache, kabla ya kulala, mikono itabaki imara kwa kazi na haitakwaruza nguo wala mashavu ya watoto. Kwa kupakia mawe ya matumbawe, ambayo yana ncha kali, glavu ya ngozi ni lazima.

Simenti, chokaa na ndimu

Hili ndilo jambo ninaloliona likiharibu mikono kuliko kamba na mawe kwa pamoja, na ndilo linalozungumzwa kidogo zaidi. Mfuko wa simenti wa kilo 50 hutoboka kwa urahisi, na vumbi lake likikutana na jasho, liwe la punda au lako, huwa majimaji yenye ukali wa kuunguza. Chokaa mbichi ni vivyo hivyo. Kinachowadanganya watu ni kwamba simenti haiumi papo hapo. Mtu huendelea na kazi akiwa na shati lililolowa mikononi na suruali iliyolowa magotini, na baada ya saa kadhaa hukuta ngozi imebabuka, na pengine kidonda kimeshaingia ndani. Wengine, baada ya kuigusa simenti kwa miaka, hupata mzio wa kudumu unaowafanya wawashwe na kupasuka mikono kila wanapoikaribia.

Kwa hiyo tandika gunia nene au turubai juu ya tandiko kabla ya kupakia mifuko, jambo litakalomwokoa punda pia na vidonda vya mgongo. Vaa mikono mirefu, na nguo ikilowa simenti ivue mara moja. Osha ngozi kwa maji mengi safi yanayotiririka kwa dakika ishirini hivi, bila kuisugua. Vumbi likiingia jichoni, osha vivyo hivyo ukilifumbua jicho, kisha nenda hospitalini bila kungoja uone litakuwaje.

Usijaribu kuitoa simenti kwa ndimu. Ndimu ina hatari nyingine ambayo wengi hawaijui: majimaji ya ganda lake na ya tunda lenyewe yakibaki kwenye ngozi, kisha ngozi hiyo ikapigwa na jua, huleta malengelenge, na baada yake mabaka meusi yanayoweza kukaa kwa miezi. Desturi ya kujisugua ndimu mikononi na makwapani ili kuondoa harufu ya punda, kisha kurudi kazini mchana, imewaachia vijana wengi mabaka ambayo wao huyadhania kuwa ugonjwa. Ukipenda kutumia ndimu, itumie usiku, na uioshe kwa sabuni.

Uso, shingo na jua

Lamu iko takribani digrii mbili tu kusini mwa ikweta, na mchana jua husimama karibu utosini mwaka mzima. Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili dhidi ya kuungua, lakini kinga hiyo haizuii kila kitu: mionzi inayoingia ndani zaidi hudhoofisha nyuzi zinazoishikilia ngozi, na hapo ndipo mikunjo ya macho na ya shingo inapojitokeza mapema. Anayeongoza punda kwenye mchanga wa Shela hupigwa na jua mara mbili, kutoka juu na kutoka chini, kwa kuwa mchanga mweupe na maji hurudisha sehemu ya mwangaza.

Kofia ya viua ni pambo la heshima, lakini haina ukingo na haiwezi kufunika uso, masikio wala kisogo. Wakati wa kazi vaa kofia pana ya ukili, au funga kilemba chenye mkia unaoshuka shingoni na unaoweza kuzuia vumbi puani. Mafuta ya kukinga jua yenye kipimo cha kinga (SPF) cha 30 au zaidi ni mazuri kwa anayeyamudu, mradi ayarudie kila baada ya saa mbili, kwani jasho huyaondoa. Mafuta ya nazi yanafaa kwa mambo mengi, ila si kinga ya jua ya kutegemewa. Bora kuliko yote ni kupanga kazi: mizigo mizito ibebwe tangu baada ya swala ya alfajiri hadi saa nne, na iendelee baada ya alasiri. Najua kwamba fundi wa ujenzi ndiye anayeamua mawe yafike saa ngapi, lakini mwenye punda akisema mapema mara nyingi husikilizwa, na punda naye hupumzika kivulini.

Nasema kwa msisitizo kuhusu krimu za kujichubua. Mtu akiona uso na shingo vimekuwa na rangi mbili hushawishika kununua kikopo kisichoeleza kilichomo, na vingi vya vikopo hivyo vina zebaki au haidrokwinoni, vitu vilivyopigwa marufuku nchini Kenya katika vipodozi. Zebaki hudhuru figo, na haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu inaweza kuleta weusi wa bluu usiotoka. Kwa mtu anayeshinda juani kila siku madhara huja upesi zaidi. Ukifunika ngozi vizuri kwa miezi kadhaa, rangi nyingi hujirudia yenyewe.

Jua, vumbi na upepo pia huotesha kinyama chekundu kwenye weupe wa jicho, upande wa puani, kinachotambaa taratibu kuelekea kwenye mboni. Miwani ya jua inayokinga mionzi, pamoja na ukingo wa kofia, hupunguza hatari hiyo. Kinyama kikikaribia mboni, ni kazi ya daktari wa macho, wala si ya matone ya kujinunulia.

Harufu

Harufu ya zizi hukaa zaidi kwenye nguo na nywele kuliko kwenye ngozi. Tenga nguo za kazi, zikae nje ya chumba cha kulala, na zifuliwe mbali na nguo za nyumbani. Zizi lenyewe likizolewa samadi na kubadilishwa mchanga uliolowa mkojo kila siku, harufu kali inayochoma macho hupungua kwa kiasi kikubwa. Oga kwa sabuni ya kawaida na dodoki, usiache maji ya bahari yakukaukie mwilini baada ya kumwogesha punda ufukweni, kwani chumvi hukausha ngozi, kisha pakaa mafuta. Udi ufukizwe kwenye nguo safi tu. Ukifukiza kanzu iliyokwisha kuguswa na jasho la punda, utapata harufu mbili kwa pamoja, na msikitini siku ya Ijumaa safu yote itajua.

Choa

Punda anaweza kumwambukiza mtu choa, hasa kupitia brashi, blanketi na tandiko. Baka la mviringo lenye ukingo ulioinuka na katikati iliyopoa ndiyo dalili yake. Dawa ya kupaka ya klotrimazoli hulitibu kwa kawaida ndani ya wiki mbili hadi nne, ila ni lazima uendelee kuipaka baada ya baka kutoweka. Kosa la kawaida ni kupaka krimu ya kuzuia mwasho yenye steroidi: mwasho hutulia, watu hufurahi, na choa husambaa chini kwa chini. Choa cha kichwani kinahitaji vidonge kutoka kwa daktari. Punda naye atibiwe wakati uleule, la sivyo utaambukizwa upya, na kwa bahati njema kituo cha matibabu ya punda kilichoanzishwa mjini mwaka 1987 na The Donkey Sanctuary ya Uingereza huwatibu wanyama hao bila malipo.

Miguu, na vichochoro

Kazi hii haifai kufanywa kwa champali. Kwato ya punda aliyebeba mzigo ikikukanyaga kidole, damu huganda chini ya ukucha, ukucha hung'oka, na ukucha wa kidole gumba cha mguu huchukua mwaka mmoja hadi mmoja na nusu kuota wote. Vaa viatu vya ngozi au buti zilizofunika vidole. Magaga yatunzwe kila usiku: loweka miguu, sugua, paka mafuta ya mgando kwa wingi na uvae soksi hadi asubuhi. Kina mama wanaosaidia kulisha na kunywesha punda hupaka hina visiginoni, nayo haina neno, lakini waepuke piko lenye dawa ya kutia nywele rangi, kwa kuwa linaweza kubabua ngozi na kuacha kovu lenye umbo la ua lililochorwa. Mwenye kisukari asijisugue kwa jiwe kabisa, kwa sababu huenda asihisi anapojiumiza.

Katika vichochoro vya Mkomani, mtaa wa kale wa mji wa Lamu, usitembee kati ya punda na ukuta. Shogi, yaani makapu ya mzigo yanayoning'inia pande zote mbili za punda, zikijaa, punda huchukua karibu njia nzima, nawe utasagwa kwenye mawe. Tangulia mbele huku ukiita simile, au fuata nyuma ukiwa umejitenga na mateke.

Mgongo

Kinachowapinda watu mgongo ni kunyanyua mfuko peke yao huku wakijipinda kiunoni. Wawe wawili, magoti yakunjwe, mzigo ukaribie kifua, na pande zote mbili za punda zipakiwe kwa uzito sawa na kwa wakati mmoja. Anayepanda punda aketi akiwa amepanua miguu pande zote mbili, kwani kukaa upande kila siku hukizoesha kiuno kupinda.

Majeraha na makovu

Vimelea vya pepopunda huishi udongoni na katika kinyesi cha punda na farasi, kwa hiyo kila mfugaji anapaswa kuwa amekamilisha chanjo na kuirudia kila baada ya miaka 10. Ukipata jeraha chafu au lenye kina na imepita miaka 5 tangu chanjo ya mwisho, nenda ukachanjwe tena haraka. Jeraha la kuumwa na punda liangaliwe na daktari siku hiyohiyo, maana meno yake husaga nyama, na uchafu hubaki ndani hata pale ngozi inapoonekana kuwa nzima.

Jeraha dogo lioshwe kwa maji safi na sabuni, lipakwe mafuta ya mgando na kufungwa bendeji safi, ibadilishwe kila siku. Jivu, unga wa kahawa na dawa ya meno visipakwe kabisa. Kidonda chenye unyevu kiasi hupona kwa kovu dogo kuliko kilichoachwa kikakauka na kutoa gamba, na kovu jipya lifunikwe lisipigwe na jua kwa miezi kadhaa ili lisiwe jeusi. Ukiona kovu linazidi kuvimba na kuwasha hata baada ya kidonda kufunga, usilikate wala kulichoma. Nenda mapema kwa daktari wa ngozi, kwa kuwa makovu ya aina hiyo hutibiwa kwa sindano zinazodungwa ndani yake, nazo hufanya kazi vizuri zaidi kovu likiwa bado changa.