Hot pot ya Kimongolia kwa bei moja: agiza kidogo kidogo, na moto usishuke

Kwenye migahawa ya hot pot ya Marekani na Kanada, mteja hulipa bei moja kwa kichwa, kisha hujipikia mwenyewe mezani kwenye sufuria ya mchuzi unaochemka. Anayekwenda mara ya kwanza ni rahisi alipie nyama akashibe tambi. Kinachomponza ni saa, faini ya mabaki, na mchuzi uliopoa kwa kutumbukiziwa kila kitu kwa mkupuo.

Kabla ya kuketi, uliza masharti. Kwa kawaida meza hupewa dakika 90 au saa mbili, na oda ya mwisho hufungwa robo saa au nusu saa kabla ya hapo. Kila aliyeketi mezani hulipa. Hakuna mmoja kulipa na wenzake kuonja. Mchuzi mara nyingi hutozwa kando, na watoto hupangiwa bei kwa umri au kwa kimo. Chakula kibichi kikibaki unatozwa, kwa sahani au kwa uzito, wala hufungiwi kwenda nacho nyumbani. Bei ya mchana wa siku za kazi huwa chini kuliko ya jioni, ila menyu ya mchana inaweza kuwa haina kamba wala nyama zile nzuri, kwa hiyo isome kwanza.

Omba sufuria iliyogawanywa katikati, mchuzi mweupe huku na mwekundu kule. Hot pot ya Kimongolia ilienezwa sana na Little Sheep, kampuni ya migahawa iliyoanzia Baotou, Mongolia ya Ndani, kaskazini mwa China, mwaka 1999. Mchuzi wake mweupe huchemshwa na punje nzima za kitunguu saumu, tangawizi, kunazi kavu, goji (vitunda vidogo vyekundu vilivyokaushwa), iliki na bizari, na viungo hivyo vinatosha kabisa nyama kuliwa bila kuchovywa kwenye sosi. Mwekundu una mafuta, pilipili kavu, na mara nyingi pilipili ya Sichuan ile inayotia midomo ganzi. Una hatari moja isiyoonekana kwa macho: mafuta yanayoelea juu huzuia mvuke, hivyo mchuzi huonekana umetulia kumbe unaunguza. Halafu majani hunyonya mafuta hayo, na spinachi ikitoka humo unatafuna pilipili tupu. Majani yote yapikwe upande mweupe.

Wanaokula halali wasijiaminishe kwa kuwa wanaona kondoo kwenye bango. Kule Beijing, kondoo wa kuchovya kwenye maji yanayochemka ni chakula kikubwa cha migahawa ya Wahui, jamii ya Waislamu wa China. Mmoja wao, Donglaishun, ulioanza mwaka 1903, unajulikana kwa sufuria zake za shaba zenye bomba la mkaa katikati. Huku Amerika uliza mambo manne: mifupa ya mchuzi ni ya mnyama gani, mafuta ya upande mwekundu ni ya nini, nyama zilizolowekwa viungo zina pombe ya kupikia au hazina, na mashine ya kukatia hutumika pia kwa nguruwe? Kumbuka pia kwamba sufuria ikiwa ya meza nzima, anachotia mmoja mnakila wote. Mwenye mzio wa kamba au karanga naye hayuko salama hapo. Migahawa mingi siku hizi ina visufuria vya mtu mmoja mmoja. Hivyo hupunguza shida ya kuchanganyikana sufuriani, ila maswali ya jikoni yabaki palepale.

Sosi itengenezwe mchuzi ukisubiriwa kuchemka. Ya kondoo ni ya ufuta. Weka bakulini vijiko vitatu vya chakula vya ufuta uliosagwa, kisha ongeza mchuzi mweupe wa moto kijiko kimoja kimoja huku ukikoroga. Vijiko vya mwanzo vitaufanya ufuta ukaze na kugandamana, na hapo wengi hudhani umeharibika wakautupa. Usiache. Endelea kuongeza na kukoroga mpaka ulegee na kuwa mzito kama uji wa mgonjwa. Ndipo utie nusu kijiko cha chai cha tofu (jibini la soya) iliyochachushwa na nusu kingine cha maua ya vitunguu majani yaliyosagwa kwa chumvi, kama wanayo. Vyote viwili vina chumvi kali, kwa hiyo onja kabla hujagusa sosi ya soya. Malizia na dania na kitunguu saumu kilichokatwa. Kwa samaki na kamba, ufuta ni mzito mno. Soya, siki nyeusi, kitunguu saumu na pilipili kidogo vinatosha. Kuchota kidogo kutoka kila bakuli la meza ya sosi huleta kitu kimoja tu, uchungu wa chumvi.

Sasa oda. Raundi ya kwanza ichukue sahani moja moja ya kila nyama mnayoitaka, ili muone sahani ya mgahawa huo ina ukubwa gani. Kwa watu wanne, sahani nne za nyama, moja ya kabichi ya Kichina, moja ya uyoga na moja ya tofu ni mwanzo mzuri. Tambi, viazi, magimbi na maandazi ya kukaanga yasubiri. Ni vitu rahisi kwa mgahawa na vinajaza tumbo upesi. Oda inayofuata itoeni nyama ikibaki theluthi hivi, maana jikoni nako kuna foleni.

Nyama ya kondoo huja ikiwa imekatwa kwa mashine ingali imeganda, nyembamba kama milimita moja au mbili, imejikunja. Usimwage sahani nzima. Mchuzi utaacha kuchemka, na nyama itakaa majini ikikakamaa na kutoa povu la kijivu. Shika kipande kimoja kwa vijiti, kizamishe mahali panapotokota zaidi, kitikise. Kitafunguka, wekundu utaondoka, na baada ya sekunde 15 hadi 20 kitoe. Kikipita dakika moja utatafuna ngozi. Povu likikusanyika, liengue kwa upawa.

Vingine vina muda wake. Vipande vyembamba vya kuku vipate dakika tatu hadi tano, na usile mpaka katikati pawe peupe kabisa. Kamba ni dakika mbili au tatu, mpaka ajikunje na kuwa wa waridi. Mipira ya samaki iliyoganda huelea baada ya dakika tano hivi. Ikielea iongezee dakika moja, kwani ndani huchelewa kupata moto. Spinachi nusu dakika, kabichi mbili au tatu, uyoga wa shitake dakika tano, viazi vyembamba dakika tatu au nne. Tofu iliyogandishwa ina matundu yaliyoachwa na barafu, nayo hufyonza mchuzi wa moto mpaka ndani. Iache bakulini ipoe kabla ya kuing'ata. Nyama iliyopakwa viungo na wanga ipikwe mwisho, kwani hufanya mchuzi kuwa mzito na unaoganda chini ya sufuria.

Vijiti vya kushikia nyama mbichi visiingie mdomoni. Omba koleo au jozi ya pili, na anayesahau akumbushwe bila haya. Aliyetia nyama mpya asubiri mchuzi uchemke tena kabla ya yeyote kuchota chochote karibu nayo.

Kama unapenda kunywa mchuzi, kunywa mapema, baada ya sahani mbili tatu za nyama. Baadaye maji yamepungua, chumvi imepanda na mafuta yamejaa. Unapopungua, upande mweupe uongezewe mchuzi mara ya kwanza, kisha maji matupu, la sivyo utakuwa chumvi tupu. Zikibaki dakika 20, fungeni oda na tieni tambi mbichi, dakika mbili au tatu tu.

Angalia bili kabla ya kulipa: mchuzi umehesabiwa mara moja au kwa kila kichwa, na kama kuna bahashishi iliyokwisha kuingizwa, jambo la kawaida kwa meza ya watu sita au zaidi. Kama haimo, asilimia 15 hadi 20 ndiyo desturi ya huko.