Kuoanisha breka na waya wa nyumbani: anza na waya, si kifaa

Soketi za jikoni zinapozimika kila mara birika na pasi vikiwashwa pamoja, ushauri wa haraka mtaani huwa ni kununua breka (kifaa cha kwenye bodi ya umeme kinachojikata chenyewe mkondo ukizidi) kubwa zaidi, na dukani si rahisi kupata mtu wa kukuuliza waya wako ni wa ngapi. Usumbufu unakwisha siku hiyo hiyo, kwa kuwa breka mpya ya ampea 32 haishuki tena. Kilichobaki kubeba mzigo ule ni waya uliofichwa ukutani, ambao haukubadilishwa. Maelezo haya yanahusu nyumba za kawaida za fezi moja na takriban volti 230, zenye nyaya za shaba zilizofunikwa kwa PVC, kama zilivyo nyingi Tanzania na Kenya.

Sakiti breka huwekwa ili kuulinda waya. Haijui kama kilichochomekwa ni friji au redio; inachopima ni mkondo unaopita ndani yake. Kanuni yake ni moja: mkondo unaotumiwa na vifaa usizidi ukubwa wa breka, na ukubwa wa breka usizidi uwezo wa waya mahali pale ulipopita. Mkondo wa kifaa hupatikana kwa kugawa wati zake kwa volti, kwa hiyo birika la wati 2,000 linavuta takriban ampea 8.7, na shawa ya umeme ya wati 5,500 inavuta karibu ampea 24.

Wengi hudhani kwamba breka ya ampea 20 hukata umeme mara tu mkondo unapofika ampea 21. Sivyo ilivyo. Breka za majumbani hutengenezwa ili zisikate kwa saa nzima mkondo unapokuwa mara 1.13 ya ukubwa wake, na zihakikishe zimekata ndani ya saa moja unapofika mara 1.45. Hii ina maana kwamba breka ya 20 inaweza kuvumilia ampea 22 kwa muda mrefu sana, na kukaribia ampea 29 kwa dakika nyingi kabla ya kushuka. Sasa mtazame aliyefunga breka ya 32 kwenye waya wa milimita za mraba 1.5: mkondo wa ampea 36 unaweza kupita bila breka kushtuka, ilhali waya huo ndani ya bomba la ukutani unastahili ampea 17.5 tu. Mkondo umezidi mara mbili, na kwa kuwa joto la waya huongezeka kwa mraba wa mkondo, joto linalozalishwa limezidi mara nne.

Kazi yenyewe huanza kwa kuutambua waya. Zima swichi kuu, kisha hakikisha kwa kipimo kwamba umeme umekatika, ukikumbuka kwamba skrubu za swichi kuu zinazopokea nyaya kutoka kwenye mita hubaki na umeme hata swichi ikiwa imezimwa. Hapo pasiguswe, na lakiri za mita zisivunjwe. Mwenye nyumba anaweza kusoma maandishi na kupiga hesabu, lakini kufungua bodi na kubadili breka ni kazi ya fundi mwenye leseni, ambayo kwa Tanzania hutolewa na EWURA na kwa Kenya na EPRA, mamlaka zinazosimamia nishati.

Namba 1.5 au 2.5 inayoandikwa kwenye ganda ni eneo la mkato kwa milimita za mraba, si kipenyo. Waya wa 2.5 wenye uzi mmoja una kipenyo cha takriban milimita 1.8, na wa 1.5 una takriban milimita 1.4. Fundi apime shaba yenyewe baada ya kuondoa ganda, kwa sababu ganda nene huweza kuuficha waya mwembamba. Ukikwangua shaba kwa kisu na ndani pakaonekana weupe wa alumini, hesabu zote zinazofuata hazikuhusu, na waya huo haufai kufungwa kwa ukubwa wa breka wa shaba.

Katika jedwali za Uingereza, ambazo mafundi wengi wa huku hufuata, nyaya za PVC zilizopita ndani ya bomba ukutani, hewa ikiwa nyuzi 30, hubeba ampea 13.5 kwa waya wa 1, ampea 17.5 kwa wa 1.5, ampea 24 kwa wa 2.5, ampea 32 kwa wa 4, ampea 41 kwa wa 6 na ampea 57 kwa wa 10. Namba hizi ni za saketi moja, yaani nyaya zinazolishwa na breka moja, ikiwa peke yake ndani ya bomba.

Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika, kwa sababu nyaya zetu hupita juu ya dari, chini ya bati, mahali ambapo mchana wa Dar es Salaam au Mombasa hakuna anayetaka kukaa hata dakika kumi. Hewa ikifika nyuzi 40, uwezo wa waya huzidishwa kwa 0.87, ikifika 45, kwa 0.79, ikifika 50, kwa 0.71. Saketi mbili zikipita katika bomba moja, zidisha tena kwa 0.80, na zikiwa tatu, kwa 0.70. Chukua waya wa 2.5 wa soketi uliopita darini kwenye nyuzi 45 pamoja na saketi nyingine: 24 mara 0.79 mara 0.80 ni ampea 15 na kidogo. Breka ya 20, ambayo fundi huifunga kwa mazoea, tayari imeuzidi waya huo, na hata ya 16 imeupita kidogo. Ama saketi hizo zitenganishwe kila moja katika bomba lake, ambapo waya unarudi kwenye ampea 19 na breka ya 16 inatosha, ama uvutwe waya wa 4, ambao kwa hesabu hiyo hiyo unabaki na ampea 20.

Kwa hiyo, mahali penye joto la nyuzi 45 na saketi moja kwa kila bomba, ningefunga breka ya 6 kwa taa zenye waya wa 1.5, breka ya 16 kwa soketi za waya wa 2.5, ya 25 kwa waya wa 4, ya 32 kwa shawa au jiko lenye waya wa 6, na ya 40 kwa jiko kubwa lenye waya wa 10. Kwa taa sioni sababu ya kupita 6, kwa kuwa ampea hizo ni karibu wati 1,400, na balbu za siku hizi za nyumba nzima hazifiki huko.

Kuna jambo moja linaloweza kumchanganya anayefungua bodi ya zamani: breka ya 32 yenye nyaya mbili za 2.5 chini ya skrubu yake. Huenda ni soketi zilizofungwa kwa mzunguko, ambapo waya hutoka kwenye breka, hupitia soketi zote na kurudi pale pale, hivyo mkondo hugawanyika pande mbili. Mpangilio huo unaruhusiwa ikiwa waya, baada ya punguzo la joto, unabaki na uwezo wa ampea 20 au zaidi. Lakini huenda pia ni saketi mbili tofauti zilizobanwa pamoja, au mzunguko uliokatika katikati wakati wa ukarabati, na soketi zote zitaendelea kufanya kazi bila dalili yoyote. Fundi apime kwa multimita, umeme ukiwa umezimwa na nyaya zote zimetolewa zilikofungwa, kama ncha mbili za laivu (waya unaoleta umeme) zinaungana, kisha za nyutro (waya wa kuurudisha), kisha za athi (waya wa ardhini). Zisipoungana, breka ya 32 iondolewe siku hiyo.

Herufi iliyo mbele ya namba kwenye breka, kama C20, nayo ina maana. Aina ya B hukata papo hapo shoti inapofikia kati ya mara 3 na 5 ya ukubwa wa breka, na C kati ya mara 5 na 10. C huvumilia mkupuo wa kuwaka kwa friji au kiyoyozi, lakini huhitaji shoti kubwa zaidi ili ikate upesi, na waya mrefu hupunguza ukubwa wa shoti. Waya mrefu una hasara nyingine: wa 2.5 uliokwenda mita 40 hadi banda la nje, ukibeba ampea 16, hupoteza takriban volti 11.5, yaani asilimia 5 nzima, ambayo ndiyo mwisho unaokubalika. Waya wa 4 hupoteza volti 7 tu.

Kifaa chenye kitufe cha kujaribia (RCD), kinachokata umeme unaovuja wa miliampea 30, humlinda mtu asipigwe na umeme, na hakifanyi kazi ya breka kwa mzigo uliozidi. Nyumba inahitaji vyote viwili.

Breka sahihi ikiendelea kushuka, gawa mzigo kwanza: pasi ihamie soketi za sebuleni. Kisha fundi akague skrubu za breka, kwa kuwa skrubu iliyolegea huzalisha joto ambalo huishusha breka hata mkondo ukiwa mdogo, na huacha harufu ya plastiki iliyoungua. Ikiwa mzigo kweli ni mkubwa, ivutwe saketi mpya yenye waya na breka yake.

Kazi ikiisha, andikeni ndani ya mlango wa bodi, kwa kila breka, saketi inayoihudumia, unene wa waya na ukubwa wa juu kabisa wa breka unaoruhusiwa: "Soketi za jikoni, waya 2.5, breka isizidi 16."