Simu Isiposomeka Mpaka Uisogeze Mbali: Namna ya Kupata Miwani ya Kusomea Inayokufaa

Huanza na vitu vidogo. Namba za vocha ya kukwangua unampa mtoto akusomee. Uzi unautunga mara tatu na bado haupiti kwenye tundu la sindano. Mchele umechambuliwa, lakini vijiwe vinakutwa mezani. Kipimo cha dawa kilichoandikwa ubavuni mwa chupa hakisomeki mpaka utoke uani kwenye jua, na simu unaishika kwa mkono ulionyooka. Haya yakimtokea mtu wa miaka 40 hadi 45, huku vibao vya barabarani na sura za watu walio ng'ambo ya barabara anaziona kama zamani, karibu kila mara sababu ni moja: lenzi iliyo ndani ya jicho imeanza kukakamaa.

Lenzi hiyo katika jicho la kijana hujikunja na kunenepa kila anapotazama kitu cha karibu. Kadiri miaka inavyokwenda inapoteza ulaini, na kitu cha karibu kinakuwa na ukungu. Huu si ugonjwa, na haumwachi mtu kwa kuwa alikula vizuri au alilinda macho yake. Anayeishi miaka mingi ataufikia.

Jua la uani linasaidia kwa sababu mwanga mkali hulibana tundu la mboni, na tundu likiwa dogo picha inakaza. Jaribu mwenyewe: toboa karatasi ngumu kwa pini, iweke mbele ya jicho moja, tazama maandishi yaliyokushinda penye mwanga mzuri. Yakisomeka kupitia kitundu hicho, tatizo huenda ni la namba ya miwani. Yasiposomeka hata kidogo, usiende kwa muuza miwani. Nenda moja kwa moja kwenye kliniki ya macho.

Kabla ya kununua chochote

Baada ya miaka 40 kuna sababu kubwa zaidi ya miwani ya kumwona mtaalamu wa macho, nayo ni presha ya macho. Haiumi. Inakula uoni wa pembeni polepole, na mwenyewe hajui mpaka anapoanza kugonga milango. Uoni ulioliwa haurudi. Watu wenye asili ya Afrika wamo hatarini zaidi, na hatari inapanda zaidi kama mzazi au ndugu wa tumbo moja anayo. Kwa hiyo siku ya kupimwa miwani, omba pia wakupime presha ya jicho na wakutazame mshipa wa fahamu wa nyuma ya jicho. Hospitali kama CCBRT ya Dar es Salaam, KCMC ya Moshi na ile ya Kikuyu nchini Kenya zina vitengo vya macho, na hospitali nyingi za mikoa na kaunti zina kliniki ya aina hiyo.

Mwenye kisukari asipime miwani wakati sukari iko juu au inapandashuka. Sukari ikibadilika, lenzi ya jicho nayo hubadilika, na miwani iliyokufaa wiki hii inaweza kukukataa mwezi ujao. Tuliza sukari kwanza kwa wiki kadhaa, ndipo upime.

Namba hutokana na umbali wa kazi yako

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanajaribu miwani, wanachukua ile inayokuza herufi kuliko zote, na wakifika nyumbani kichwa kinauma. Namba ya miwani inafuata umbali ambao mikono yako inafanyia kazi. Gawanya 100 kwa sentimita za umbali huo, utapata nguvu ambayo jicho linahitaji: sentimita 40 zinataka 2.50, sentimita 50 zinataka 2.00, sentimita 65 zinataka takriban 1.50. Mtu wa miaka 45 bado jicho lake linatoa sehemu ya nguvu hiyo, na miwani inajazia iliyobaki. Mtu wa miaka 60 jicho halitoi kitu cha kutegemea, kwa hiyo miwani inabeba karibu yote.

Kwa kusoma kwenye sentimita 40, mtu ambaye hana tatizo la kuona mbali huangukia hapa: miaka 40 hadi 45, plasi (alama ya +) 1.00 au 1.25, inapokaribia 50, plasi 1.50 hadi 1.75, kati ya 50 na 55, plasi 2.00, baada ya 60, plasi 2.50. Mwenye miaka 43 anayehisi anahitaji plasi 2.50 ana jambo lingine machoni, na miwani ya dukani italificha tu.

Pima umbali kwa futi ya fundi cherehani, kuanzia pembeni mwa jicho hadi kwenye kitu chenyewe, ukiwa umekaa unavyokaa siku zote. Kama huna futi, kutoka kiwiko hadi vifundo vya ngumi ni karibu na umbali wa kusomea wa mtu mzima. Sindano ya cherehani, kompyuta, msahafu ulio juu ya marufaa na injini ya gari kila kimoja kina umbali wake. Ndiyo maana mzee wa miaka 60 anayesoma simu kwa plasi 2.50 ataona ukungu kwenye kompyuta: pale anahitaji takriban 1.50 au 1.75.

Kujaribu dukani

Nenda na kitu unachokisoma kweli: karatasi ya dawa, daftari la kikundi, kitambaa na sindano. Simama penye mwanga unaofanana na wa nyumbani, usimame kivulini kama jua ni kali, maana kwenye jua la saa sita hata miwani dhaifu itaonekana inatosha. Kama una miwani ya kuona mbali, mwambie muuzaji mapema. Mwenye miwani ya mainasi (alama ya -) 2.50 macho yote mawili husoma vizuri kwenye sentimita 40 kwa kuivua tu, na hahitaji kununua ya pili.

Anza na namba ndogo, panda robo kwa robo, na usimame kwenye ya kwanza inayosomeka bila kukunja uso. Kisha sogeza karatasi mbele na nyuma. Mahali panaposomeka vizuri zaidi pawe pale mikono yako inapokaa yenyewe. Kama inakubidi uivute karatasi kuelekea puani, namba ni kubwa mno, na ukiichukua utakuwa ukiinama siku nzima mpaka shingo ikauma. Funika jicho moja, soma. Funika la pili, soma. Yakitofautiana wazi, miwani ya dukani yenye namba moja pande zote haikufai na inabidi utengenezewe.

Sasa kagua lenzi zenyewe. Ishike miwani mbali na uso, tazama kupitia lenzi moja fremu ya mlango au mstari wa vigae, uisogeze polepole kushoto na kulia. Mstari ukijipinda-pinda kama maji, lenzi ni mbovu, irudishe. Kisha itafute katikati ya lenzi: sogeza mpaka mstari unaoonekana ndani ya lenzi uungane sawasawa na ule ulio nje yake, juu na chini, bila kukatika. Weka nukta ya kalamu hapo. Fanya hivyo kwa lenzi ya pili, halafu pima kati ya nukta mbili. Umbali huo ukaribiane na ule wa kati ya mboni zako, ambao kwa watu wazima wengi ni milimita 54 hadi 74. Tofauti ya milimita mbili tatu kwenye plasi 1.00 haisumbui. Kwenye plasi 2.50, tofauti ya milimita nane au kumi inayavuta macho pande mbili, na hapo ndipo yanapotoka maumivu ya paji la uso ambayo watu huyasingizia "kutozoea miwani".

Usiivae ukitembea. Miwani ya kusomea hutia ukungu kwenye vitu vya mbali na kuifanya ngazi ionekane karibu kuliko ilivyo. Anayeshuka ngazi au kupanda bodaboda aivue kwanza. Dereva asiendeshe nayo kabisa.

Hofu na dawa za mtaani

Wengi wanaacha miwani kwa miaka mitano au sita kwa kuamini kwamba ukishaivaa macho "yanalemaa". Lenzi ya jicho inaendelea kukakamaa uvae usivae. Aliyevaa anaona namba ikipanda, anailaumu miwani. Asiyevaa inampanda vilevile, ila yeye anakosa tu kusoma. Na hasara yake inapimika: huko Assam, India, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, wachuma chai wenye miaka 40 na zaidi waliopewa miwani ya karibu waliwazidi wenzao wasiopewa kwa takriban asilimia 22 ya kazi. Fundi cherehani, mtengeneza saa au msusi anaweza kujikadiria mwenyewe.

Karoti ni chakula kizuri, lakini hailainishi lenzi. Asali, maziwa ya mama, mkojo na maji ya majani yasiingie jichoni, yanaleta vidonda kwenye kioo cha jicho. Matone ya duka la dawa yanayonunuliwa bila cheti ni hatari kwa namna nyingine: baadhi yana steroidi, ambayo ikitumiwa muda mrefu huleta presha ya macho na mtoto wa jicho.

Kuna dalili moja inayofurahisha familia bila sababu. Bibi wa miaka 70 aliyekuwa akitumia miwani anaanza kusoma bila miwani, na watu wanasema macho yamerudi. Mara nyingi huo ni mtoto wa jicho unaoanza, au sukari iliyopanda. Mpelekeni apimwe. Na yapo ya kukimbilia hospitali siku hiyohiyo: jicho kuzimika ghafla, kuona vimulimuli na madoa mengi mapya, kivuli kama pazia, kuona vitu viwili viwili kulikoanza ghafla, au jicho jekundu linalouma pamoja na kutapika.

Kuitunza

Usiifute kwa pindo la kanga ikiwa kavu. Vumbi linakwangua lenzi. Imwagie maji ya baridi, tone la sabuni ya vyombo kwenye ncha za vidole, suuza, kausha kwa kitambaa laini cha pamba. Usitumie dawa ya meno wala maji ya moto, na usiiache kwenye dashibodi ya gari.

Pima tena kila baada ya miaka miwili, au mapema ukiona unaanza kusogeza karatasi mbali huku umevaa. Ukipata namba mpya, ile ya zamani usiitupe: plasi 1.50 iliyokushinda kwa simu huenda ndiyo inayofaa kompyuta au kuchambua mchele kwenye ungo mapajani. Ifunge uzi wa rangi kwenye mkono mmoja wa fremu ili usizichanganye.