Mtoto akifia tumboni: uliza haya kabla kondo halijazikwa

Nimefanya kazi ya ukunga mkoani Tanga, Muheza na Korogwe, mpaka nikastaafu, na bado watu wananibishia hodi. Haji mwenye kufiwa peke yake. Anakuja wifi mtu, anakuja mume anayekaa barazani bila kusema neno, anakuja bibi na mjukuu wake, na swali ni lile lile: mtoto alikuwa anacheza vizuri, kwa nini akafa? Majibu waliyokwisha kupewa nayo ni matatu tu: mapenzi ya Mungu, kamba ya kitovu, au jicho la mtu. La kwanza silipingi, lakini Mungu hakukataza kuuliza. Hayo mawili mengine mara nyingi husemwa kwa sababu hakuna aliyetazama.

Sababu, hata zile adimu, mara nyingi huacha alama. Shida ni kwamba alama hizo haziwasubiri watu wamalize kulia. Nyingine hupotea kondo likizikwa, nyingine zina siku tatu, nyingine hupimwa mara mbili kwa kupishana miezi mitatu. Kwa hiyo naeleza kwa kufuata muda.

Mama akiwa bado wodini

Mapigo ya moyo yasiposikika kwa pembe ya kusikilizia, dai ultrasaundi kabla ya kuamini lolote. Ikithibitika, ndugu wengi husimama mlangoni wakitaka mama apasuliwe mtoto atolewe upesi. Tulieni. Kama mama havuji damu, hana homa, presha iko sawa na chupa haijapasuka, kuzaa kwa njia ya kawaida kwa kuanzishiwa uchungu ndiyo salama kwake, na hakumwachii kovu la kumsumbua mimba ijayo. Kusubiri siku mbili tatu akili itulie kunaruhusiwa. Lakini mtoto akikaa zaidi ya wiki nne, damu ya mama inaweza kupoteza uwezo wa kuganda, kwa hiyo asipelekwe nyumbani bila tarehe ya kurudi.

Mtoto akizaliwa, uliza karatasi imeandikwa FSB au MSB. Ya kwanza ni mtoto aliyefariki karibu na kuzaliwa, ngozi yake bado nzima. Ya pili ni aliyefariki mapema zaidi, ngozi imeanza kuvulika. Herufi hizo zinakwambia swali lielekee wapi. FSB inaelekea chumba cha leba: uchungu ulichukua muda gani, mapigo yalisikilizwa mara ngapi, mfuko wa uzazi ulipasuka, kuna dawa ya kienyeji ya kuongeza uchungu iliyonywewa nyumbani? Jibu hilo la mwisho kwa ukweli hata kama bibi aliyeileta amekaa pembeni. MSB inaelekea miezi ya nyuma: maradhi, presha, sukari, kondo. Na ngozi kuvulika si kwamba mama alioga maji ya moto au alikula pilipili, kama wanavyosema mitaani. Ni mwili uliokaa ndani ya maji baada ya roho kutoka, basi.

Omba mtoto apimwe uzito na atazamwe kichwa, uso, mgongo, vidole. Omba kumwona na kumshika ukitaka. Anayekukataza kwa kusema "utamwota" anasema kwa huruma, lakini uamuzi ni wako.

Kondo la nyuma

Hapa ndipo ninapogombana na watu. Kondo ndilo shahidi mkubwa, na ndilo linalozikwa haraka kuliko vyote. Kulitazama hakuchukui dakika kumi, hakuhitaji mashine, na hakucheleweshi maziko ya mtoto hata kidogo. Mwambie mkunga: naomba tulitazame pamoja.

Uzito wake kwa mimba iliyotimia huwa karibu moja ya sita ya uzito wa mtoto. Likiwa dogo sana, mtoto alikuwa hapati chakula. Likiwa kubwa, zito, limepauka na kuvimba, fikirieni kaswende, au damu ya mama na mtoto kutopatana. Upande uliogusa mfuko wa uzazi ukiwa na donge la damu lililobonyea ndani ya nyama, kondo lilibanduka kabla ya wakati. Hilo huja na presha, na kwa kipigo au ajali pia. Utando ukiwa na uvundo na ukungu, kulikuwa na maambukizi.

Kisha kamba ya kitovu. Ikikatwa huonyesha matundu matatu: mishipa miwili midogo na mmoja mkubwa. Ikiwa na mawili tu, iandikwe. Kuzungukwa shingo na kamba peke yake si jibu. Karibu mtoto mmoja kati ya wanne huzaliwa kamba iko shingoni, na analia vizuri tu. Hata fundo la kweli hutokea kwa takribani mimba moja kati ya mia, na wengi wao wanazaliwa hai. Fundo lililoua huonekana: limekaza, limeacha alama ya kubonyea, na upande mmoja wa kamba una rangi tofauti na mwingine. Mkikosa hayo, endeleeni kutafuta.

Tazama pia mahali kamba inapoingia. Kuna watoto ambao mishipa yao hutembea mitupu kwenye utando, bila ile nyama nyeupe ya kuikinga, kabla ya kufika kwenye kondo. Mishipa hiyo ikipita mbele ya mlango wa kizazi, siku chupa inapopasuka nayo hupasuka. Damu inayotoka hapo ni ya mtoto, na mtoto wa kilo tatu hana zaidi ya kikombe kimoja na nusu cha damu mwilini. Madaktari huita vasa previa. Ni adimu, lakini ikigunduliwa mapema kwa ultrasaundi yenye doppla, ile inayoonyesha damu ikitembea, mtoto hutolewa kwa upasuaji kabla ya uchungu na karibu wote hupona. Chupa ikipasuka na damu nyekundu papo hapo, usisubiri gari la asubuhi.

Kama kuna uwezo, kipande cha kondo kipelekwe maabara ya kuchunguza nyama za mwili, kama zilizopo KCMC Moshi au Muhimbili. Chombo cha mdomo mpana, fomalini ya asilimia 10, jina la mama, tarehe, umri wa mimba. Kinachobaki familia inapewa ikazike kwa taratibu zake.

Siku tatu

Uliza kundi la damu la mama, na hasa kama ni hasi. Huku kwetu wenye damu hasi ni wachache, na ndiyo maana husahaulika. Mama mwenye damu hasi akibeba mtoto mwenye damu chanya, mwili wake unaweza kujifunza kushambulia damu hiyo, na atakayeumia ni mtoto wa mimba inayofuata. Sindano ya kuzuia inaitwa anti-D, na inatakiwa ndani ya saa 72. Inahusu pia mimba iliyotoka ikiwa changa, mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, na pigo la tumboni. Duka la dawa la kwanza likikosa, tafuteni la pili usiku huo huo, na iletwe kwenye chombo chenye barafu, ila yenyewe isigande.

Siku hizo hizo apimwe malaria, kaswende, VVU, wingi wa damu, mkojo kwa protini, na sukari. Sukari ya mimba hurudi kawaida upesi baada ya kuzaa, kwa hiyo cha kuomba ni kile kipimo cha HbA1c kinachoonyesha miezi miwili mitatu iliyopita. Mwenye selimundu au upungufu mkubwa wa damu asikitegemee, kitamdanganya.

Maziwa yatakuja siku ya pili mpaka ya nne, na hakuna anayemwandaa mama kwa hilo. Sidiria inayokaza kiasi, kitambaa cha maji baridi, asikamue mpaka titi liwe tupu. Kuna vidonge vya kukausha, ila mwenye presha ya mimba asipewe hovyo.

Akirudi kliniki baada ya arobaini

Sasa ndipo pa kuuliza maradhi adimu, na yataulizwa kutokana na habari yake mwenyewe. Hakuna haja ya kumaliza hela kwa kupima kila kitu.

Alikuwa akiwashwa viganja na nyayo, usiku zaidi, bila upele? Hiyo huenda ni nyongo kukwama kwenye ini. Wengi huambiwa ni aleji, wakapewa losheni. Vipimo vya ini vinapatikana hospitali nyingi. Kile cha asidi za nyongo ni kigumu kupata, ila ndicho kinachoamua: ikifika mikromoli 100 kwa lita, hatari ya mtoto kufia tumboni hupanda, na kwa kawaida mtoto hutolewa wiki ya 35 au 36.

Mimba hutoka mwezi wa nne au wa tano, bila uchungu wa maana, mtoto anatoka bado mzima? Fikirieni mlango wa kizazi ulio legevu. Dawa yake ni uzi wa kuufunga mlango huo. Daktari Shirodkar wa Bombay aliueleza mwaka 1955, McDonald wa Melbourne akarahisisha 1957, na mpaka leo ndio unaotumika. Hufungwa wiki ya 12 hadi 14, hukatwa ya 36 au 37.

Mimba changa tatu zimetoka mfululizo, au moja ya zaidi ya wiki kumi imekufa mtoto akiwa hana kasoro, au mama aliwahi kuganda damu mguuni? Uliza kingamwili za antifosfolipidi. Hizi huifanya damu igande kwenye kondo. Kipimo kimoja hakitoshi, kirudiwe baada ya wiki 12 au zaidi, maana homa ya kawaida inaweza kukipandisha kwa muda. Zikithibitika, mimba ijayo hutunzwa kwa aspirini ya dozi ndogo na sindano za heparini, na wanawake wengi walioambiwa hawana bahati ya mtoto hujifungua kwa njia hiyo.

Kwa wenzetu wafugaji wa Kilindi na Handeni naongeza swali moja: ng'ombe au mbuzi wanatupa mimba pale bomani, na mama anakunywa maziwa mabichi au aliwahi kuzalisha mnyama kwa mikono mitupu? Bruselosi, ugonjwa wa mifugo unaotupa mimba, haibagui. Mwambie daktari, na maziwa yachemshwe.

Na kama walikuwa pacha wanaofanana, wakitumia kondo moja, mmoja anaweza kumnyonya mwenzake damu kupitia mishipa ya kondo. Pacha wa namna hiyo wanahitaji ultrasaundi kila wiki mbili kuanzia wiki ya 16.

Mimba ijayo

Baada ya mimba kutoka, Shirika la Afya Duniani linashauri kungoja angalau miezi sita. Mwenye kovu la upasuaji angoje zaidi. Foliki aanze kabla ya kushika mimba. Aliyepata kifafa cha mimba aulize aspirini mapema, wiki ya 12, asingoje presha ipande. SP ya malaria kuanzia mwezi wa nne, kila dozi ikipishana mwezi, zisipungue tatu, isipokuwa mwenye VVU anayetumia septrini. Kaswende apime na mume. Nimeona mke anachomwa penisilini na kuambukizwa upya nyumbani kwake.

Kuanzia wiki ya 28 alale ubavu. Mtoto akipunguza kucheza aende siku hiyo hiyo. Habari za kunywa soda baridi ili mtoto aamke mimi sizitaki, kadhalika na kusubiri kesho.

Siku ya kwanza kliniki, mwambie sista hesabu kamili ya mimba zote, pamoja na zile ulizozika. Wapo wanaosema "hii ya kwanza" kwa kuwa mume mpya kakaa pale, na kadi inaandikwa hivyo. Omba kuongea na sista faragha. Ana haki ya kumtoa mume nje kwa dakika tano, na wengi tunajua kumtuma kwenda kuchukua faili.